Kozi za jioni kwa watu wazima Tanga: mbona hawajitokezi?

Mkwakwani: Wadau, chuo kina kozi fupi ya hesabu za biashara, saa 12 hadi saa 2 usiku. Mabango yapo getini, waliojiandikisha hawafiki kumi. Tunakosea wapi?

Baba Ngamiani: Bango la getini husomwa na aliyekwisha ingia. Mnayemtaka yuko sokoni, Mgandini na Deep Sea. Pia kwenye bango futeni maneno "kuwajengea washiriki uwezo". Andikeni: "Wiki 6, utajua kutunza daftari la mauzo na kupiga hesabu ya faida." Kisha siku, ada yote, namba ya simu. Basi. Na saa 12 hiyo Magharibi inaikata katikati. Anzeni saa 10 na nusu, au baada ya Isha.

Mwarobaini: Ada igawanywe mara tatu, ya kwanza ndogo. Kontroo namba, ile namba ya kulipia ada, itolewe siku ileile mtu anapojiandikisha, na muda wake uwe mrefu. Ikiisha kabla hajapata hela, humwoni tena.

Dada wa Chumbageni: Wengi wanaogopa kuulizwa vyeti, ila hawasemi. Andikeni juu kabisa, kwa herufi kubwa: CHETI CHA SHULE HAKIHITAJIKI. Anayetaka shahada aelezwe kando kuhusu mtihani wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya darasa, chini ya TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania. Chuo Kikuu Huria, kilichoanzishwa 1992, kina kituo hapahapa Tanga, akaulize.

Mkwakwani: Shukrani. Wakati wa Ramadhani je?

Baba Ngamiani: Msianze kozi. Subirini Idi ipite.