Kuhamisha mlango kwenye ukuta wa mbao na jipsamu

Ndugu zangu, wakubwa shikamooni. Nyumba tuliyonunua hapa Columbus, Marekani, ilijengwa 1964, na mlango wa chumba cha mama uko mbali na bafu, tena ni mwembamba kwa kiti chake cha magurudumu. Tunataka kuusogeza hatua mbili kwenye ukuta huohuo. Je, tunaweza kuifanya kazi hii wenyewe?

*

Dada, tufikishie shikamoo kwa mama. Kazi hiyo inawezekana, ila mtu asishike msumeno kabla hamjajua ukuta umebeba nini. Panda darini utazame mbao zinazoshikilia dari: zikiukatiza ukuta, na hasa zikiungana juu yake, uhesabuni kuwa umebeba mzigo, na hapo aitwe mhandisi akokotoe ukubwa wa boriti itakayolala juu ya mlango na aeleze dari itaegemezwa kwa nini wakati nguzo za mbao zilizo ndani ya ukuta zinaondolewa. Kibali ulizieni ofisi ya ujenzi ya mji. Rangi nayo ipimwe, maana nyumba yenu ni ya kabla ya 1978, mwaka ambao Marekani ilipiga marufuku rangi yenye madini ya risasi majumbani.

Wengi husahau swichi ya taa. Iko ubavuni mwa mlango wa zamani, na waya wake huenda unapita hapohapo mnapotaka kutoboa. Zimeni meni swichi, mpime kwa testa, ndipo mbomoe jipsamu taratibu. Maungio ya waya yakae ndani ya kisanduku kinachofikika; kuyafukia ukutani kunakatazwa na kanuni za umeme za huku, na kunaweza kuunguza nyumba.

Kwa ajili ya kiti cha mama, chukueni mlango wa inchi 36. Uwazi kati ya nguzo uwe inchi 38 kwa upana na inchi 82 na nusu kwenda juu, ili fremu iingie na ibaki nafasi ya kuinyoosha kwa kabari. Kila upande simamisheni nguzo mbili zilizoshikana: moja ndefu inayofika mbao ya juu, na nyingine fupi ambayo boriti itakaa juu yake, kwa sababu boriti haitakiwi kuning'inia kwenye misumari. Mbao ya chini ya ukuta, iliyolala sakafuni, ikateni mwisho kabisa, nguzo zikishasimama timazi, kwani ndiyo inayozizuia zisitanuke.

Mlango wa zamani uzibeni kwa nguzo za kila inchi 16, na mpime unene wa ukuta uliopo kabla ya kununua jipsamu.

*

Ahsante sana, kaka. Nimepanda: mbao zinaukatiza ukuta na zimeungana juu yake. Tumemwita mhandisi.

*

Vema. Msing'oe hata ubao mmoja kabla hajafika. Mwombeni ashuke pia chumba cha chini kukagua sakafu, kwa maana mzigo uliokuwa umetawanyika ukutani sasa utashukia sehemu mbili, chini ya zile nguzo fupi.