Naomba ushauri: vyeti vya welda 3G kwenye kazi ya mabomba ya inchi 2

Habari wakuu, nasimamia kazi ya mabomba ya amonia kwenye kiwanda cha samaki hapa Mwanza, mteja anataka mawelda (mafundi wa kuchomelea) wawe wamepimwa kwa ASME Section IX, yaani kanuni za Marekani za kupima mawelda. Sasa vijana niliowapata hapa Nyakato mikono yao mizuri kweli, ila vyeti vyao ni 3G ya sahani (kuchomelea bamba bapa la chuma kwa wima), na bomba letu ni inchi 2. Ninavyosoma kanuni hizo, 3G ya sahani haimruhusu mtu kugusa bomba dogo hivi kwa wima wala juu kichwani, inabidi afanye 6G (bomba limelazwa mshazari nyuzi 45, halizungushwi) kwenye bomba lenyewe, halafu akipasi kwa inchi 2 anaruhusiwa kushuka mpaka kipenyo cha nje cha inchi 1, na unene mpaka mara mbili ya aliochomea. Pia mmoja hajashika tigi (TIG, uchomeleaji wa gesi ya agoni) zaidi ya miezi 6, huyo si cheti chake kimeshakufa kwa tigi?

Bosi anasema tuangalie mshono kwa macho tu uking'aa basi, mimi sikubali kabisa, ruti (mshono wa kwanza wa ndani) isipoyeyuka huioni kwa nje, na amonia ikivuja watu wanakufa, hii si tenki la maji jamani.

Naombeni mliofanya hizi kazi, kwa test ya 6G ni bora nikate vipande vya kupinda kuona kama mshono unapasuka, au nipige eksirei? Na kwa kanda ya ziwa vipande mnapeleka wapi kupimwa?