Kujitolea kwenye Kita Ujerumani: BFD, FSJ, weltwärts au au pair? Ulinganisho

Mbuyu_Mkavu (mwanzisha mada)

Wakuu, salaam. Swali hili linarudi kila mwaka na linajibiwa nusunusu, kwa hiyo tuliweke mahali pamoja. Kijana wa Afrika Mashariki anayetaka kulea watoto Ujerumani ana njia nne zinazotajwa sana. Kita ni kituo cha kulelea watoto mchana: Krippe kwa walio chini ya miaka 3, Kindergarten kwa miaka 3 hadi 6.

BFD (Bundesfreiwilligendienst, huduma ya kujitolea ya serikali kuu). Ilianza Julai 2011. Kwa kawaida ni miezi 12. Chini kabisa 6, juu 18. Haina kikomo cha juu cha umri. Mkataba unasainiwa na wewe, kituo, na ofisi ya serikali kuu iitwayo BAFzA, iliyoko Köln. Sahihi ya BAFzA ndiyo inayochelewesha, na bila hiyo ubalozi haupokei maombi ya viza.

FSJ (Freiwilliges Soziales Jahr, mwaka wa kujitolea wa huduma za jamii). Kazi ni ileile na kituo kinaweza kuwa kilekile, ila lazima uwe hujafika miaka 27. Haipiti BAFzA, mkataba ni kati yako, kituo na taasisi mama (shirika la huduma za jamii linalosimamia nafasi) kama Diakonie, Caritas, AWO au Msalaba Mwekundu.

Zote mbili kwa kawaida unafanya kazi saa 39 au 40 kwa wiki na kuhudhuria siku 25 za semina kwa mwaka (wa BFD wenye miaka 27 au zaidi huwa na siku chache). Bima ya afya inalipwa na kituo. Mwaka 2025 posho haikuruhusiwa kuzidi euro 644 kwa mwezi, na vituo vingi hulipa chini sana ya hapo.

weltwärts Süd-Nord (programu ya kuwaleta vijana wa nchi za Kusini kujitolea Ujerumani). Ilianza 2013, inagharamiwa na wizara ya Ujerumani ya ushirikiano wa maendeleo. Umri miaka 18 hadi 28. Tiketi, bima, malazi na semina vinalipiwa. Ukifika unatumikia kwa mkataba wa BFD. Huwezi kuomba mwenyewe kwenye Kita: unapitia shirika la nchini kwako lenye mshirika Ujerumani, na nafasi ni chache.

Au pair. Unaishi na familia na kulea watoto wao. Miaka 18 hadi kabla ya kutimiza 27 siku ya kuomba viza, Kijerumani cha A1 (ngazi ya mwanzo kabisa) chenye cheti, miezi 6 hadi 12, saa zisizozidi 30 kwa wiki na 6 kwa siku, posho ya euro 280 kwa mwezi.

Kwa maoni yangu, mwenye nafasi ya weltwärts aichukue bila kusita. Asiyeipata, BFD au FSJ. Au pair naiweka mwisho kwa mtu anayetaka taaluma ya malezi, kwa sababu hakuna mlezi mwenye cheti anayekuelekeza.

---

Nyota_ya_Pwani

Umegusa malazi kwa weltwärts tu, na hapo ndipo BFD na FSJ zinapowakwamisha watu. Sheria hailazimishi Kita kukupa chumba. Kita nyingi ni za mtaani, zimezoea vijana wanaoishi kwa wazazi wao. Posho ya euro 400 na kitu ndani ya München haifikii hata kodi ya chumba kimoja. Afisa viza anapiga hesabu hiyohiyo, akiona pengo anakataa.

Kabla ya kusaini, pata majibu ya maandishi:
- Chumba kinatolewa na nani, na je, kimetajwa ndani ya mkataba?
- Chakula kinatolewa, au kuna fedha badala yake? Siku za wikendi je?
- Nauli ya kila siku inalipwa na nani?

Jibu likiwa "tutakusaidia kutafuta", hilo si jibu. Tafuta kituo cha kijijini au mji mdogo, au taasisi yenye hosteli ya wafanyakazi. Makao ya watu wenye ulemavu yana vyumba mara nyingi kuliko Kita, na mwenye kupenda malezi anaweza kuanzia huko.

---

Mama_Chekechea

Niongeze la chanjo, maana hili linazuia watu mlangoni. Tangu tarehe 1 Machi 2020 Ujerumani ina sheria ya kinga ya surua. Kila anayefanya kazi Kita, akiwa amezaliwa baada ya 1970, lazima aonyeshe dozi mbili za chanjo au kipimo cha damu kinachothibitisha kinga. Bila hivyo mkuu wa kituo haruhusiwi kukuanzisha kazi, hata viza iwe mkononi.

Shida kwetu ni hii: kwa Kenya na Tanzania dozi ya pili iliingia kwenye ratiba ya kawaida ya watoto miaka ya 2010. Aliyezaliwa mwaka 2000 kwenye kadi ya kliniki ana dozi moja, ile ya miezi 9, na za kampeni mara nyingi hazikuandikwa. Kadi yenyewe imeshapotea. Usibishane na karatasi. Choma mbili upya, zikipishana angalau wiki 4. Kuchoma tena hakuna madhara kwa mwenye kinga, ila mjamzito asichome. Ulizia kliniki za chanjo za wasafiri, na iandikwe kwenye kile kitabu cha njano: jina la chanjo, tarehe, namba ya toleo, sahihi na muhuri.

Cheti cha tabia njema cha polisi kiombe mapema pia, lakini si mapema mno, kwa sababu vituo vinataka cha karibuni. Kitafsiriwe na mtafsiri aliyeapishwa.

---

Kibuyu77

@Mbuyu_Mkavu sikubaliani nawe kuhusu au pair. Kita nyingi zinaomba A2 au B1 (ngazi mbili zinazofuata A1), na kuna sababu: mtoto wa miaka 3 hasemi Kijerumani cha kitabuni, na mwenye A1 hamwelewi anapolia kwamba tumbo linamuuma. Mwaka mmoja na familia unakupa lugha hiyo. Chumba chako mwenyewe ni sharti, kisipungue mita 8 za mraba. Familia inalipa bima na inachangia euro 70 kwa mwezi kwa kozi ya Kijerumani. Una siku moja na nusu ya mapumziko kila wiki. Ukimaliza, omba FSJ ukiwa na B1 na marafiki wa kukusaidia kutafuta chumba.

---

Mbuyu_Mkavu

@Kibuyu77 hoja ya lugha naikubali. Ila umri uhesabiwe: mwenye miaka 26 akianza au pair atakuta FSJ imeshamfungia, abaki na BFD tu. Na au pair aandikiwe ratiba ya saa tangu mwanzo, kwa kuwa "nisaidie kidogo jioni" ndiyo inayogeuza saa 30 kuwa 45.

---

Mama_Chekechea

Kuhusu kazi yenyewe ndani ya Kita, wengi wanaenda bila kujua mipaka.

Wewe ni msaidizi. Huachiwi kundi peke yako, hutoi dawa, hata ya mafua. Kila mkwaruzo unaandikwa kwenye daftari la majeraha. Mtoto anakabidhiwa kwa aliyeandikwa kwenye orodha tu; babu asiyeandikwa anasubiri hadi mzazi apigiwe simu. Picha za watoto kwenye simu yako, hapana kabisa.

Kupiga mtoto kumekatazwa kisheria tangu 2000, hata kwa mzazi wake. Kutishia fimbo ni hivyohivyo, na kumlazimisha amalize chakula kutakuletea kikao. Mvua ikinyesha watoto wanatoka nje wakiwa wamevaa suruali zisizopenya maji. Usiwarudishe ndani ukidhani unawaokoa.

Jambo la kujifunza kabla ya yote ni namna mtoto mpya anavyozoeshwa. Kita nyingi hufuata mfumo wa Berlin: siku tatu za mwanzo mzazi anakaa naye chumbani kama saa moja, hakuna kuachana. Siku ya nne mzazi anatoka kwa dakika chache, na siku hiyo isiwe Jumatatu, kwa kuwa mtoto ametoka kukaa nyumbani siku mbili. Akilia na mlezi wake akashindwa kumtuliza, mzazi anarudi mara moja. Wakati huo usimbebe mtoto huyo hata kama amekunyooshea mikono. Anatakiwa kushikamana na mlezi mmoja kwanza. Ndiyo maana nafasi za kujitolea za wiki mbili tatu, zile ambazo mtu huzilipia, siziungi mkono: mtoto anakuzoea Alhamisi, Ijumaa unaondoka.

---

Nyota_ya_Pwani

Na fedha: BFD na FSJ hazina ada ya kupatiwa nafasi. Unalipia viza, euro 75, na nyaraka zako. Wakala akidai malipo ili "akuunganishe na Kita", achana naye. Nafasi za BFD zinatafutwa bure kwenye tovuti yake rasmi.

Nyingi zinaanza Agosti au Septemba. Anza Kijerumani na tuma barua za maombi mwaka mmoja kabla, dozi ya kwanza ya surua uchome mwezi huohuo.