Msinizungushie ndoo ya mchango huku mnashangilia serikali kukata msaada

Wakuu, nimetoka zamu ya usiku na sitalala mpaka hili nilitoe.

Naishi Uingereza mwaka wa 11 sasa, natunza wazee. Asubuhi wakati wa kukabidhiana zamu ilipitishwa ndoo ya kuchangia watoto wa Afrika. Nikatia pauni 5, sijawahi kukataa kutoa. Mwenzangu mmoja naye akatia yake, halafu akasema anashukuru serikali imepunguza msaada wa nje, kwa sababu kusaidia ni hiari ya mtu, asikatwe kodi kwa nguvu. Chumba kizima kikaitikia. Watu wenye sarafu mkononi! Mzee mmoja akaita, nikaenda kumgeuza, sikupata nafasi ya kujibu. Najibu hapa.

Hiyo hiari tuipigie hesabu. Comic Relief, shirika la hisani linalochangisha kwa kuuza pua nyekundu za kuchekesha, walianza 1985 kwa ajili ya njaa ya Ethiopia. Miaka 40 ya kuchangisha kwenye televisheni, mashuleni na maofisini haijafikisha pauni bilioni 2, na sehemu ya fedha hizo hutumika humu humu Uingereza. Ni kazi kubwa na siidharau hata kidogo. Lakini msaada wa serikali mwaka 2023 peke yake ulikuwa pauni bilioni 15.3. Na humo ndani, pauni bilioni 4.3 hazikuvuka bahari, zililipia wakimbizi na waomba hifadhi walioko hapa hapa, mahoteli yakiwemo. Kanuni za kimataifa zinaruhusu gharama za mwaka wa kwanza wa mkimbizi ziandikwe kama msaada wa nje. Sisemi walale barabarani, wengine ni ndugu zetu kabisa. Walazwe, ila kwa fungu lao, wasilazwe kwa hela ya mgonjwa wa Malawi. Mwaka mmoja wa fungu hilo la wakimbizi unazidi mara mbili pua nyekundu za miaka 40. Sasa niambieni hiyo ndoo itaziba pengo gani.

Na hii haikuwa hisani ya waziri fulani. Ni sheria, ilipitishwa 2015: asilimia 0.7 ya pato la taifa. Ikaja korona, wakashusha hadi 0.5, wakasema ni kwa muda tu, na Julai 2021 wabunge 333 dhidi ya 298 wakapitisha masharti ya kurudi 0.7 ambayo kila aliyeyasoma alijua hayatatimia karibuni. Chama cha Labour walipoomba kura 2024 waliahidi kurudisha 0.7 hali ya uchumi ikiruhusu. Februari 2025 Keir Starmer, waziri mkuu wao, akatangaza kushuka hadi 0.3 ifikapo 2027, fedha ziende jeshini. Anneliese Dodds, waziri wao wenyewe wa maendeleo, akajiuzulu. Walau yeye alikataa kuibeba aibu hiyo.

Mimi hili linaniuma kwa sababu ya mguu wa bibi yangu. Bibi mzaa mama, Kilwa, alikufa na matende. Mguu ulivimba mpaka akawa hatoki uani, watu wakija anaufunika kwa khanga. Wadogo zangu wao walimezeshwa vidonge na hawajaugua. Vidonge vyenyewe watengenezaji huvitoa bure. Gharama iko kwenye kuvifikisha: gari, mafuta, posho ya mhudumu wa afya anayepita nyumba kwa nyumba, mwaka baada ya mwaka bila kuruka. Uingereza ilikuwa na mradi wa namna hiyo, ASCEND, wa matende, vikope, kichocho na usubi katika nchi kadhaa za Afrika, Tanzania ikiwemo. Mwaka 2021 wakaukatisha kabla ya muda wake. Nani atapitisha ndoo kwa ajili ya mafuta ya gari la wilaya? Hakuna picha ya kumliza mtu pale.

Maana mchango unafuata kamera. Mwaka 2022 mashirika ya misaada yaliyoungana chini ya DEC, kamati yao ya kuchangisha wakati wa maafa, yaliomba kwa ajili ya Ukraine yakapata zaidi ya pauni milioni 400. Waukraine walistahili kila senti. Mwaka 2008 DEC hao hao waliomba kwa ajili ya Kongo, watu wa Kivu wanakimbia na magodoro kichwani, na hata milioni 20 haikufika. Hiyo ndiyo hiari mnayoisifia. Mtoto wa Goma asubiri mpaka uso wake umguse mtu sebuleni London?

Mtakaosema msaada unaliwa na wakubwa wetu, najua unaliwa, nimekulia huko. Aliyeiba akamatwe. Anayemezeshwa kidonge hakuiba chochote.

Wenzangu mlioko huku kutoka Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda, mwenye kibali cha kuishi anaruhusiwa kupiga kura hata ya bunge, kwa kuwa sisi ni Jumuiya ya Madola. Wengi hamjajiandikisha. Mimi nimeshamwandikia mbunge wangu, nikamuuliza ile 0.7 inarudi lini, nataka tarehe. Aliyewahi kumwandikia wake aseme alijibiwa nini.