Ushauri wakuu: kaseti za rap ya Bongo za miaka ya 90, nizihamishie vipi kwenye kompyuta?

Mtoto_wa_Tandika: Wakuu habari za jioni. Nina kaseti za vipindi vya rap vilivyorekodiwa kutoka redioni, vijana wa Temeke na Upanga wanachana mitindo huru, salamu na matangazo humohumo. Ninayoipenda kuliko zote ni C-60, upande A una kipindi cha dakika 45 bila kukatika. Ninunue kile kidude cha USB cha kupigia kaseti kwenye kompyuta au nimpe fundi? Nakosa usingizi nikiwaza zitanifia.

Deki_Kongwe: Kidude cha bei chee achana nacho mkuu, kasi inayumba na sauti inapepea. Tafuta deki nzima, waya utoke tundu la LINE OUT la deki uingie LINE IN ya kompyuta. Ukichomeka kwenye tundu la maiki sauti itapasuka. Programu ya kurekodi ya Audacity ni ya bure: rekodi WAV, 24-bit, 44.1 kHz, mshale usipite -6 dB. Dakika 90 zinakula kama GB 1.4. MP3 utatoa baadaye.

Msema_Haki: Na usikimbilie kuzipandisha YouTube. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ipo tangu 1999. Waliochana humo wana haki zao hata kama hawakuwahi kulipwa senti.

Upanga_Mashariki: Wakongwe wa rap ya Bongo kama Saleh Jabir na kundi la Kwanza Unit wanatajwa kila siku, na wanastahili. Ila waliochana redioni tu bila kuingia studio hawana albamu wala kanda dukani, nakala yao ni ya yule aliyebonyeza PLAY na REC nyumbani. Usikate sauti ya mtangazaji wala tangazo la sabuni. Dar ya enzi zile imo humo.

Deki_Kongwe: Mleta uzi, zilitunzwa wapi? Ukichungulia kwenye kidirisha, mkanda unaonekanaje?

Mtoto_wa_Tandika: Stoo. Maji ya mvua yaliingia kidogo. Kuna unga mweupe kwenye kingo za mkanda. Ila nusu ziko kwa fundi na advansi ameshachukua. Atazianika juani, azipige, arekodi kwa simu. Ni mzoefu, na hela ishatoka.

Deki_Kongwe: Ungeanza na hilo! Huo ni ukungu. Ukipiga kaseti yenye ukungu, vumbi lake linabaki kwenye hedi (kichwa cha deki kinachosoma mkanda) na roli ya mpira, kisha linahamia kwenye kaseti nzima zitakazofuata. Jua linapinda ganda, mkanda unaanza kukwaruza. Zichukue leo. Ziweke kivulini penye hewa, halafu kwenye boksi lenye vipakiti vya silika mpaka ukungu ukauke kabisa. Ukiwa mbichi unapakaa, ukikauka unapukutika kwa brashi laini. Fanyia nje, vaa barakoa. Vunja vile vijino viwili vya juu ili mtu asirekodi juu yake kwa bahati mbaya.

Mtoto_wa_Tandika: Lakini fundi anasema simu za siku hizi zinanasa vizuri tu.

Deki_Kongwe: Inanasa spika, feni na bodaboda inayopita. Advansi ni hasara ndogo, kaseti hazina nakala nyingine.

Mpima_Chai: Wakuu tunapigwa chai. C-60 ni dakika 30 kila upande. Hizo 45 bila kukatika zimetoka wapi? Mtu hana kaseti yoyote, anatafuta wachangiaji tu.

Upanga_Mashariki: Hapo kweli. Mleta uzi, jibu.

Mtoto_wa_Tandika: Si chai. Ganda la mwanzo lilivunjika, mkanda ukahamishiwa kwenye ganda la C-60.

Mpima_Chai: Sawa, hilo linawezekana. Naondoa kauli.

Deki_Kongwe: Basi huo ni mkanda wa C-90 (dakika 45 kila upande), unene wake mikroni 12 hivi, wakati wa C-60 ni kama 18. Unavutika upesi, kwa hiyo usiurudishe nyuma kwa kasi kwenye deki yenye breki kali. Kama ganda limegundishwa, tafuta lingine la skrubu tano, uhamishe roli zote mbili za mkanda zikiwa zimelala. Palipokatika tumia utepe maalumu wa kuungia, upande wa mgongo. Selotepu ya kawaida gundi yake inatambaa na kunasa tabaka la mkanda lililo juu yake. Kabla ya kurekodi, geuza taratibu skrubu ya pembeni ya hedi mpaka hi-hat (matoazi ya ngoma) isikike kali, na urudie kwa kila kaseti maana kila redio ilirekodi kwa pembe yake. Na ukifunga ganda, hakikisha mkanda umepita mbele ya kile kisponji, si nyuma yake. Ukipita nyuma hutasikia kitu.