Naombeni ushauri: nionyeshe James Bond zipi ili vijana waione kazi ya muongozaji?

Mwana wa Kirumba

Wakuu, habari za jioni.

Nina kikundi cha vijana wanaojifunza kutengeneza filamu fupi hapa Mwanza. Jumamosi tunafunga projekta, tunaangalia picha, halafu tunaichambua. Tangu Denis Villeneuve atangazwe mwaka 2025 kuwa ndiye ataongoza filamu ijayo ya James Bond, yule jasusi wa Uingereza, ubishi hauishi. Wengi wao wanasema Bond ni Bond tu. Ukibadilisha muongozaji umebadilisha dereva, basi ni lile lile na ruti ni ile ile. Wamekulia vibanda umiza na picha za kutafsiriwa, kwa hiyo wanachojua ni stelingi na adui. Ukiwauliza nani kaongoza, wanakutumbulia macho.

Nataka waone wenyewe, sitaki kuwahubiria. Filamu rasmi ziko 25 na waongozaji wake 12, kuzimaliza haiwezekani, na umeme wetu mnaujua. Nimepanga hivi: Goldfinger (1964) ya Guy Hamilton, The Spy Who Loved Me (1977) ya Lewis Gilbert, Casino Royale (2006) ya Martin Campbell na Skyfall (2012) ya Sam Mendes. Mnaonaje? Hata mkinitukana poa, ila matusi yawe ya kitaalamu.

Babu Forodhani

Mwanangu, umemrukaje Terence Young? Huyo ndiye aliyefungua njia kwa filamu ya kwanza, Dr. No, mwaka 1962. Sean Connery, aliyeigiza Bond humo, alitoka familia ya kawaida kabisa Edinburgh, alishawahi hata kusambaza maziwa. Young ndiye aliyempeleka kwa fundi wake wa suti na kumfundisha kuvaa na kukaa kama mtu wa mjini.

Waonyeshe vijana Bond anavyoingia mara ya kwanza. Meza ya kamari, unaona mgongo, unaona mikono inagawa karata, mwanamke wa upande wa pili anaongea naye, uso hupewi. Unasubirishwa weee, mpaka anaulizwa jina. Hapo ndipo kamera inamgeukia, sigara mdomoni. Stelingi hakufanya kitu hapo zaidi ya kukaa. Aliyefanya kazi ni Young.

Kinyozi wa Mabatini

Bond ni Roger Moore. Mengine mbwembwe.

Mwana wa Kirumba

@Kinyozi wa Mabatini mkuu, huyo ni mwigizaji. Ndiyo maana nikaleta uzi.

Mkasi Mkali

Mimi kazi yangu ni kuhariri video, kwa hiyo nitavutia kwangu. Hao vijana wako hawajakosea sana. Hizi picha kwa miaka mingi zilikuwa mali ya maprodyuza, Albert Broccoli na Harry Saltzman, baadaye familia ya Broccoli. Yale majumba ya maadui yanayotoa watu udenda mengi ni ya Ken Adam, msanifu wa seti. Na ule mkato wa haraka wa ngumi za miaka ya 60 ni wa mhariri Peter Hunt, ambaye mwaka 1969 alipewa On Her Majesty's Secret Service aiongoze mwenyewe. John Glen naye alianzia kwenye uhariri, akaja kuongoza tano mfululizo, 1981 hadi 1989. Hakuna aliyemfikia kwa idadi, na bado ukitaja jina lake mtaani hakuna anayegeuka.

Ukitaka kumpima muongozaji, mshikilie mwigizaji asibadilike. Daniel Craig huyo huyo: weka Casino Royale ya Campbell, kisha Quantum of Solace (2008) ya Marc Forster. Kwa Campbell kuna ile mbio ya Madagascar (ilipigwa Bahamas, msidanganyike). Mtoro anapenya kidirisha kidogo juu ya ukuta kama paka. Bond anakuja nyuma na kuubomoa ukuta wenyewe. Hakuna neno lililosemwa na tayari unajua huyu Bond ni mtu wa namna gani. Kwa Forster, filamu inafunguka na magari yanakimbizana Italia, na mikato inakuja kasi mpaka hujui gari lipi la nani. Ila tumtendee haki, mgomo wa waandishi wa Hollywood wa 2007 uliibana sana skripti ya filamu hiyo.

Wanyenzi

Casino Royale mkiionyesha, ile sehemu ya mwanzo iliyoandikwa "Mbale, Uganda" waambieni haikupigwa kwetu. Tumekaa tunasubiri Bond aje Mbale mpaka leo.

Binti wa Tabora Reli

Kaka, habari ya filamu nzima nzima achana nayo. Onyesha ngumi za kwenye treni.

Bond kapigana ndani ya behewa chini ya waongozaji wasiopungua wanne tofauti, na mazingira ni yale yale: kachumba kadogo, adui mkubwa, pa kukimbilia hakuna.

From Russia with Love (1963), Terence Young. Connery ndiye Bond, Robert Shaw ndiye adui. Taa inavunjika, kinabaki kimwanga cha buluu, na muziki hakuna. Unasikia viatu, vioo na pumzi. Wanakabana kama watu wanaotaka kuuana kweli, na mpaka mwisho huna uhakika.

Live and Let Die (1973), Hamilton. Hapa Bond ni Moore. Adui ana mkono wa chuma. Bond anakata nyaya zake, mkono unang'ang'ania dirishani, jamaa anatupwa nje, mkono unabaki! Muda wote huo mwanamke kafungiwa kwenye kitanda cha kukunja na hajui kinachoendelea. Hamilton anataka ucheke.

The Spy Who Loved Me, Gilbert. Bond ni Moore tena. Lile jitu lenye meno ya chuma linatokea ndani ya kabati la nguo. Bond analipiga shoti ya umeme menoni kwa taa iliyovunjika na kulirusha dirishani, nalo linanyanyuka na kujikung'uta vumbi. Hii ni katuni, na Gilbert anajua. Huyu ndiye yule aliyeanza na chombo cha angani kinachomeza vyombo vya angani (You Only Live Twice, 1967), humu akaja na meli inayomeza nyambizi.

Spectre (2015), Mendes. Behewa la chakula, suti nyeupe, jitu linaingia bila salamu. Wanabomoa treni nzima. Mendes katokea kwenye maigizo ya jukwaani, anapenda mtu aingie kwa uzito wake. Ukiwa na muda, ongeza Javier Bardem, adui wa Skyfall, anavyotoka kwenye lifti na kuja polepole huku akisimulia habari ya panya, kamera imetulia tu inamsubiri.

Babu Forodhani

Binti, umenena. Na wa kwanza ndiye aliyepigana, hao wengine wamecheza.

Mkasi Mkali

Nakubali treni. Ila ule wa 1963 umehaririwa na Peter Hunt, msije mkampa Young sifa zote.

Mwana wa Kirumba

Dada, hapo umenimaliza. Vipande vinne havifiki hata nusu saa, umeme ukikatika tutakuwa tumeshamaliza. Jumamosi nyingine nitaweka Campbell na Forster kama alivyosema Mkasi. Swali moja: niviweke kwa mpangilio wa miaka?

Binti wa Tabora Reli

Hapana, anza na Spectre, ndiyo wanayoifahamu, kisha rudi nyuma. Vya kwanza vitatu zima sauti, waambie wakuandikie kila kipande kinataka ucheke, uogope au ushangae. Cha Young washa sauti, na waulize muziki unaanzia wapi.

Kinyozi wa Mabatini

Kwa hiyo Moore ana treni mbili? Nilisema mimi.