Ulinganisho: mwanafunzi wa DO anayetaka radiolojia Marekani, aombe mwaka huu au afanye kwanza mwaka wa utafiti?

Mwana_Kilosa

Ndugu wanajukwaa, habari za wakati huu. Mimi ni Mtanzania ninayesoma mwaka wa tatu katika chuo cha tiba ya osteopathi, yaani shahada ya DO, katika mojawapo ya majimbo ya kati ya Marekani, na nimeazimia kuomba mafunzo ya ubingwa wa radiolojia ya uchunguzi. Chuo chetu hakina hospitali yake wala programu yake ya radiolojia, hivyo sina bingwa wa karibu wa kuniongoza. Naona njia mbili. Ya kwanza ni kufanya USMLE Step 2, mtihani wa leseni wa wanafunzi wa MD (shahada ya kawaida ya udaktari), pamoja na COMLEX Level 2, ule wa wanafunzi wa DO, kabla ya Agosti, kisha nipeleke maombi mwezi Septemba na wenzangu. Ya pili ni kusimamisha masomo kwa mwaka mmoja nifanye utafiti katika idara ya radiolojia ya chuo kikuu kikubwa, ndipo niombe nikiwa na machapisho. COMLEX Level 1 nimefaulu kwa mara ya kwanza. Step 1 sijafanya. Naomba tuzilinganishe kwa hoja, na kama ipo ya tatu nisiyoiona, nielezwe.

Daktari_Pangani

Karibu, mdogo wangu. Mimi pia ni DO, na nilipata nafasi yangu enzi ambazo AOA, chama cha madaktari wa osteopathi, ilikuwa na programu zake na utaratibu wake wa kugawa nafasi. Kati ya mwaka 2015 na Juni 2020 programu hizo ziliingizwa katika mfumo mmoja wa ithibati chini ya ACGME, baraza linalothibitisha mafunzo ya ubingwa. Wengi husema mabadiliko hayo yaliwafungulia DO milango, na ni kweli, lakini yaliondoa pia zile nafasi ambazo zamani ziliombwa na DO peke yao. Leo wewe na mwenye MD mnaomba nafasi zilezile, na faili zenu husomwa na mkurugenzi yuleyule.

Ndiyo maana naona umeugawa mjadala mahali pasipostahili. Step 2 haiko katika njia ya kwanza tu, inahitajika katika njia zote mbili. Tangu Januari 2022 matokeo ya Step 1 ni kufaulu au kufeli, na COMLEX Level 1 ikafuata Mei mwaka huohuo, kwa hiyo namba pekee inayobaki mezani ni ya ngazi ya pili. COMLEX Level 2 hufauliwa kuanzia 400, ilhali Step 2 ina mizani yake isiyozidi 300, na msomaji aliyezoea mizani moja hawezi kuitafsiri nyingine kwa haraka huku mamia ya maombi yakimsubiri. Anachofanya ni kuliweka faili pembeni. COMLEX huwezi kuiacha kwa sababu huhitimu bila kuifaulu. Basi ongeza Step 2, na uifanye mapema kiasi cha matokeo kuwa yametoka kabla programu hazijaanza kusoma maombi mwishoni mwa Septemba. Mwaka wa utafiti usio na namba hiyo utakurudisha kwenye kizuizi kilekile, ukiwa umechelewa mwaka.

Zuhura_Eksirei

Shikamoo Daktari. Nakubaliana nawe juu ya Step 2, nami naongeza jambo kuhusu Step 1. Mimi ni DO, niko mwaka wa pili wa radiolojia katika hospitali ya jamii. Ipo programu inayotosheka na COMLEX Level 1 ikiambatana na Step 2, na ipo nyingine ambayo kichujio chake humtoa mwombaji asiye na Step 1 kabla faili lake halijafunguliwa na mtu. Kaka Kilosa, USMLE hailazimishi Step 1 itangulie Step 2, kwa hiyo bado una hiari. Hata hivyo, usiifanye Step 1 kwa kuivamia katikati ya rotesheni nzito, kwa sababu kufeli hubaki kwenye rekodi yako ilhali kutoifanya ni pengo dogo tu. Piga simu au andika barua pepe kwa waratibu wa programu unazozitamani na uulize swali hilo moja, wengi hujibu.

Jambo la pili ni rotesheni ya nje, yaani ile unayoifanya wiki chache katika hospitali ya programu unayoitamani. Katika upasuaji mwanafunzi huonekana akifanya kazi, lakini katika radiolojia ameketi nyuma ya bingwa ndani ya chumba chenye giza, mbele kuna skrini tatu, na bingwa anazungumza na maikrofoni ya ripoti. Ukikaa kimya wiki nne, hakuna atakayekukumbuka. Kilichonisaidia mimi ni kuomba orodha ya wagonjwa asubuhi, kuchagua CT ya tumbo moja au mbili, kuzisoma peke yangu kwenye kompyuta iliyo wazi, kuandika ripoti yangu kwenye karatasi, kisha kusubiri bingwa amalize ya kwake ndipo niulize kwa nini yeye ameita kivimbe cha ini kisicho na madhara kile nilichokihofia mimi. Mazungumzo ya namna hiyo ndiyo yanayozaa barua ya mapendekezo yenye mifano ndani yake.

Kaka_Bukavu

Mimi nitautetea mwaka wa utafiti, kwa masharti. Niliufanya, na sasa niko katika programu ya chuo kikuu ambayo nisingefikiriwa bila huo. Faida yake kubwa haikuwa idadi ya machapisho. Ilikuwa kwamba bingwa mmoja anayefahamika katika fani alinijua kwa jina, aliniona nikikusanya data za MRI za goti hadi usiku, akaniandikia barua na kuwapigia simu wenzake. Kwa mwanafunzi ambaye chuo chake hakina idara ya radiolojia, hilo ndilo jambo ambalo mtihani hauwezi kumpa.

Lakini kabla ya kukubali nafasi, uliza kama inalipwa, kwa kuwa nyingine hazilipi chochote na kodi ya nyumba haisubiri. Uliza waliokutangulia katika nafasi hiyo waliishia programu zipi, na kama miongoni mwao alikuwamo DO. Uliza pia ni nani hasa utakayekuwa chini yake, bingwa mwenyewe au mratibu wa maabara. Majibu yakiwa ya kuzungukazunguka, acha. Tena kama lengo lako ni kuwa bingwa mzuri katika hospitali ya jamii, mwaka huo haukuhusu.

Mwana_Kilosa

Ahsanteni sana. Lengo langu kwa kweli ni mafunzo imara popote, si jina la chuo. Je, zile ishara za upendeleo, ambazo mwombaji huzituma kwa programu chache anazozitaka zaidi, nizigawe vipi?

Zuhura_Eksirei

Katika radiolojia ya uchunguzi unapewa ishara 12, za dhahabu 6 na za fedha 6. Kwa maoni yangu hapa ndipo DO wengi hupoteza nafasi, kwa sababu huzitupa zote kwa vyuo vyenye majina makubwa ambavyo havijawahi kuwa na DO hata mmoja. Fungua ukurasa wa madaktari walio mafunzoni katika kila programu, hesabu wenye DO katika miaka yote minne, na utazame wametoka vyuo gani. Palipo na DO kila mwaka, pana mkurugenzi ambaye tayari anaijua COMLEX. Dhahabu zako ziende huko, na kwenye majimbo ambako una sababu ya kweli ya kuishi, iwe familia au ulikokulia. Fedha moja au mbili unaweza kuzielekeza juu zaidi. Ulikofanya rotesheni ya nje, soma maelekezo ya programu kuhusu ishara. Usidhani kwamba wanakujua hivyo haihitajiki.

Nuru_wa_Mikindani

Naomba kuuliza kwa anayevutiwa na radiolojia ya tiba, yaani kutibu kwa sindano na mirija inayoongozwa na picha, kwani ndoto yangu ni kurudi nyumbani siku moja nifanye kazi ya aina ile inayofundishwa Muhimbili kupitia Road2IR, mpango wa kufundisha radiolojia ya tiba. Je, ni heri kuomba programu jumuishi, inayounganisha uchunguzi na tiba, moja kwa moja?

Kaka_Bukavu

Dada Nuru, linganisha miaka kwanza. Programu jumuishi ni miaka 6 pamoja na mwaka wa kwanza wa intani. Ukipitia radiolojia ya uchunguzi yenye mpango wa ESIR, yaani wa kuanza mapema mafunzo ya radiolojia ya tiba, ni intani mwaka 1, radiolojia 4, na mwaka 1 wa mwisho wa tiba, jumla ni ileile 6. Bila ESIR, mwaka wa mwisho huwa miwili. Nafasi za programu jumuishi ni chache mno, na kwa DO ni ngumu zaidi. Ningeomba za uchunguzi zenye ESIR kwa wingi na kuongeza jumuishi chache.

Daktari_Pangani

Kuna jambo moja ambalo halijaguswa, nalo huwaliza watu kila Machi matokeo ya nafasi yanapotoka. Programu nyingi za radiolojia huanzia mwaka wa pili baada ya shahada, kwa hiyo mwaka wa intani unauomba peke yake, na unafanya usaili wake. Katika mfumo wa NRMP, unaogawa nafasi za mafunzo, chini ya kila programu ya radiolojia ya aina hiyo, unaambatanisha orodha ya ziada ya programu za mwaka wa kwanza. Mtu anaweza kupata radiolojia akakosa mwaka wa intani, akalazimika kuutafuta ndani ya wiki moja miongoni mwa nafasi zilizobaki. Mwaka wa mpito, yaani intani ya kuzunguka idara mbalimbali, unagombewa na wanaokwenda ngozi na usingizi, maana ni mwepesi kuliko mingine. Usiweke huo peke yake. Weka na mwaka wa awali wa tiba ya ndani katika hospitali kadhaa, na mwishoni ule wa upasuaji hata kama huupendi.

Kwa hali uliyoeleza, Kilosa, mimi ningeomba mwaka huu. Mwaka wa utafiti ningeubakiza kwa sababu mbili tu: Step 2 ikirudi chini ya ulivyotarajia, au ukimaliza usaili wote ukiwa na mialiko michache mno. Panga tarehe ya mtihani wiki hii, kisha utuletee hapa orodha ya programu ulizoziangalia tuipitie pamoja.

Mwana_Kilosa

Nashukuru, Daktari. Step 2 nitaiweka mwishoni mwa Juni, wiki mbili baada ya COMLEX Level 2. Orodha nitaileta ikiwa na safu ya idadi ya DO katika kila programu.